Jina Lililokwenda Sekondari

Jina langu lilisoma hadi kidato cha nne, likaendelea na chuo, likavaa sare nyeupe na kulipwa mshahara wa serikali. Mie mwenyewe niliishia darasa la saba. Ukisikia hivyo utadhani nakutania. Sikutanii, wallahi. Kaa nikueleze, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi.

Kwanza jina lenyewe. Naitwa Wamekoma. Cheka tu, wengi wamecheka kabla yako. Kila anayelisikia mara ya kwanza huuliza, "Nani hao waliokoma?" na tangu utoto jibu langu lilikuwa moja: "Waulize wenyewe."

Wenyewe walikuwa shangazi zangu. Mama aliolewa Mbagala akakaa miaka saba bila kushika mimba. Miaka saba, tena katika nyumba ya urithi aliyoiacha babu, ambamo dada watatu wa baba waliingia na kutoka wapendavyo kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki yake mle ndani. Wifi zake walimsema. Walimsema uani wakifua, walimsema kwa maandishi ya khanga walizojifunga, walimsema mpaka kwenye misiba ya watu. Mmoja alikuwa na mazoea ya kumwambia baba kwa sauti, mama akisikia, "Kaka, utamwagilia mchanga mpaka lini?" Mama akawa hatoki chumbani mpaka wote watatu waende sokoni.

Bibi mzaa mama alikuwa Kisarawe, na habari zote hizi zilimfikia. Hakujibu. Bibi alikuwa mtu wa kunyamaza kwanza, ndiyo maana akisema watu hukaa chini. Mie nilipozaliwa, alifika hospitali asubuhi ileile na kikapu chake cha ukili, akamkuta nesi ameshika kadi anauliza mtoto aandikwe nani. Kwa desturi yetu jina la mtoto wa kwanza ni haki ya upande wa baba, na husubiriwa siku ya saba. Shangazi zangu walikuwa nalo tayari, la mama yao aliyetangulia mbele ya haki. Bibi hakusubiri siku ya saba wala ya pili. Akamwambia nesi, "Andika Wamekoma," kwa sauti iliyosikika mpaka kitanda cha mwisho. Nesi akaandika.

Siku ya saba shangazi zangu wakaja na jina lao wakaonyeshwa kadi. Mama aliniambia akika ile watu walikula wamenuna. Shangazi mdogo, ambaye ndiye mwenye ulimi kuliko wenzake, alitaka kadi ichanwe. Baba akasema, "Yaishe." Baba alikuwa mtu wa yaishe. Ugomvi wowote, mkubwa kwa mdogo, dawa yake ilikuwa neno hilo moja, na mara zote lilimfaa yule mwenye makosa.

Majina ya ajabu mtaani kwetu hayakuwa haba. Tulikuwa na Tabu na Shida. Tulikuwa na Sikujua, ambaye mama yake aligundua ana mimba wakati mume keshahama na vyombo. Kulikuwa na mpangaji mmoja kutoka bara aliyemwita mwanawe Kontena, kwa sababu siku mtoto alipozaliwa yeye alipata kibarua cha kushusha makontena bandarini, na miaka ile kontena ndiyo ilikuwa neema yenyewe: redio, baiskeli, mitumba, sabuni za kunukia, kila kitu tulichokuwa tukikisikia kwa jina tu kilianza kuonekana dukani. Lakini Tabu na Shida utawakuta kila mtaa, na Sikujua hawakosi wawili. Wamekoma sikuwahi kumsikia mwingine, iwe Mbagala, iwe Temeke nzima. Nilikuwa peke yangu na jina langu.

Nilikuwa nalichukia. Mwalimu mpya akishika rejista, nilikuwaga nahesabu majina yaliyobaki kabla ya langu. Akifika anasita. Anainua macho. Darasa zima linamngojea acheke ili nalo lipate ruhusa. Nikaweka nadhiri kwamba nikikua nitakuwa mwalimu, rejista niishike mie, niite watu na mie nisiitwe. Ndiyo ndoto yangu pekee niliyowahi kuwa nayo, na njia yake ilikuwa moja, kuchaguliwa kwenda sekondari. Akili nilikuwa nazo. Sijisifu, uliza yeyote niliyesoma naye.

Bibi akija kututembelea alikuwa ananikuta nimenuna kwa sababu ya hilo jina, ananiambia, "Litakufaa." Na alinifundisha adabu ya kuitwa. "Mama yako akikuita, hata kama una tonge mdomoni, liteme uitike abee. Akikuita mara tatu hujaitika, basi umemzika angali hai." Nilimwogopa bibi, kwa hiyo niliitika mbio siku zote.

Sasa, mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuwahi kulitamka jina langu. Shangazi mdogo. Yeye aliniita "mama." Alitaka nirithi jina la mama yake, akanyimwa, basi akaniita hivyo kana kwamba nimelipata. Wengine wote Wamekoma, Wamekoma, huku wakicheka, yeye, "Mama, njoo nikusuke." "Mama, umekula?" Alikuwa anavuka kwenda Unguja kufuata vitenge na khanga za kuuza, na kila akirudi hakosi kuniletea kitu, viatu vya plastiki, chupi zenye maua, peremende za karatasi inayong'aa. Jamani, nilimpenda yule mwanamke. Nilimpenda nikamficha mama yangu kwamba nampenda.

Alikuwa na binti wa rika langu. Tulilala mkeka mmoja, tukasoma darasa moja, yeye dawati la nyuma yangu, na mtihani wa hesabu ukija nilikuwa nainamisha bega la kushoto kidogo ili aone. Hakuwa mjinga. Alikuwa mvivu, na mie nilikuwa nafanya kwa niaba yetu sote wawili.

Miaka ile kulikuwa na mtindo ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeutaja. Mtoto akifeli, akitaka kurudia darasa la saba, anatafutiwa jina la mwenzake aliyeacha shule, anasoma kwa jina hilo, na maisha yake yote yanaandikwa hivyo. Majina ya watoro na walioozwa hayakukaa bure. Darasani kwetu alikuwepo msichana mmoja mrefu ambaye mwalimu alikuwa anamwita mara mbili ndipo aitike, kwa kuwa jina halikuwa lake na sikio halijalizoea. Tulikuwa tunamcheka. Mie ndiye niliyemcheka zaidi, ili angalau siku hiyo achekwe mwingine.

Tukafanya mtihani. Nilitoka chumba cha mtihani najua nimefaulu, kama mpishi anavyojua chakula kimeiva hata kabla hajafunua sufuria. Wiki chache baadaye nikawekwa ndani.

Kwetu sisi msichana akivunja ungo huwekwa ndani, anakuwa mwali, haonekani nje mpaka afundwe na kuchezewa ngoma. Mie nilikuwa nimeshavunja ungo katikati ya mwaka lakini wazee walikubaliana nimalize kwanza shule. Mwenye kazi ya kunifunda alikuwa shangazi, na aliyetajwa alikuwa yule mdogo. Nilifurahi. Nilikaa chumbani kwake, kwenye kitanda chake, dirisha limetundikwa kitenge. Alinisinga kwa liwa, alinilisha uji kwa mkono wake, alinifundisha mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa na mengine ambayo naweza. Mwanamke ni kufunika. La ndani halitoki nje. Usimwamini rafiki akakujua tumbo lako, mwamini damu yako. Nilikuwa naitikia kila sentensi. Sikujua alikuwa ananifunda nini hasa.

Matokeo yalitoka nikiwa mle ndani. Nilisikia kelele za watoto barabarani, wanakimbia kwenda shuleni kuangalia ubao wa matangazo, nikasimama katikati ya chumba. Mwali hatoki. Baba ndiye aliyekwenda. Alirudi, nikamsikia anazungumza uani kwa sauti ya chini na shangazi, muda mrefu, na baadaye mlango ukafunguka akaingia shangazi peke yake na bakuli la uji. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama," akasema, "jina lako halimo."

Nikamwambia ameangalia vibaya. Akasema baba ameangalia mara tatu. Nikamwambia labda karatasi ya pili. Akasema hakuna karatasi ya pili. Nililia mpaka nikatapika uji. Yule mwanamke alinikumbatia, akanifuta machozi na kamasi kwa ncha ya khanga yake, akaniambia Mungu ndiye mgawa riziki. Kunidanganya ningeweza kusamehe, watu wazima wanadanganya kila siku. Kule kunifuta machozi sijamsamehe na sitamsamehe.

Nilitolewa nje baada ya wiki kadhaa. Ngoma ilichezwa, watu wakala pilau, nikapitishwa nimefunikwa, nikatunzwa. Mama alilia siku ile kupita kiasi. Akina mama wengine walikuwa wanamcheka, "Utadhani unamzika!" Akavua hereni zake za dhahabu, pambo lake pekee alilotoka nalo kwao, akanivisha mie mbele ya watu wote. Nikadhani ni furaha. Nikauliza binti shangazi yuko wapi, maana nilitaka anione nilivyopambwa. Wakasema kaenda Tabora kwa kina baba yake kujifunza cherehani. Niliumia kwamba hakuniaga, lakini hasira yangu ilikuwa kwa ubao wa matangazo, kwa hiyo sikumfikiria sana.

Baada ya miaka miwili nikasikia kuna kozi ya ualimu wa watoto wadogo, wanachukua hata darasa la saba mradi uwe na cheti. Moyo ukaamka. Nikaenda shuleni, nikamkuta mwalimu mkuu mgeni, akafungua jalada akatafuta kwa kidole. "Cheti chako kilishachukuliwa," akasema. "Mzazi alitia saini." Ilikuwa saini ya baba, ile yenye mkia mrefu. Nikamkuta baba ameketi barazani. Siku hizo hakuwa na kazi, kiwanda kilikuwa kimewapunguza. Nikamwuliza. Hakunitazama. "Nilikichukua kweli. Kikalowa masika ile nyumba ilipovuja. Yaishe."

Yakaisha. Nikaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwema, tukahamia Gongo la Mboto, nikazaa. Ukishazaa Dar es Salaam jina lako linakufa, unakuwa mama wa mtoto wako. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa na jina la kawaida. Majirani hawakujua naitwaje, na mie sikuwaambia. Baba akafariki. Kwenye msiba binti shangazi alikuja, siku moja tu, kanenepa, kavaa saa. Tulisikia anafanya kazi Shinyanga, kazi gani hakuna aliyesema. Nilimkumbatia tukalia pamoja, na niliona kwamba hanitazami machoni, nikadhani ni uchungu wa mjomba wake.

Mwaka uliofuata nilikuwa na mtoto wa pili, miezi mitatu, nikampeleka kliniki. Tulikuwa tumejaa kwenye mabenchi, watoto wanalia, kadi tumeshazipanga dirishani. Mhudumu mmoja mtu mzima akachungulia kutoka chumba cha ndani akaita, "Wamekoma! We, Wamekoma!"

"Abee!" nikaitika, nikasimama na mtoto.

Na mle ndani, kwenye mzani, sauti ya pili ikasema, "Naja!"

Yule mhudumu akanitazama juu mpaka chini. "Kaa mama, sikuiti wewe. Namwita nesi."

Sikukaa. Nilisimama palepale katikati ya mabenchi, watu wananiangalia. Mlango ukafunguka akatoka nesi, mwanamke mnene mwenye saa, na kifuani amebandika kibao kidogo cheupe. Juu yake limeandikwa jina langu, na mbele yake jina la baba yangu. Alikuwa binti shangazi, kumbe kahamishwa kutoka Shinyanga. Tulitazamana.

Ningekuwa naitwa Fatuma, nisingejua mpaka naingia kaburini. Fatuma wako wangapi? Ningeona kibao, ningesema loo, somo yangu huyo, ningekaa. Bibi aliniambia jina litanifaa. Basi ndiyo faida yake hiyo.

Akanichukua mkono akaniingiza chumba cha dawa, akasukuma mlango kwa mguu. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto anafanana na mjomba."

"Hilo jina umelipata wapi?"

"Dada, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Nakuuliza, hilo la kifuani umelipata wapi?"

Akakaa juu ya boksi la mabomba ya sindano. Akanieleza bila kulia, na hilo lilinikera zaidi. Jina langu lilikuwemo. Waliosoma ubao waliliona, na kama kawaida ya mtindo ule hakuna aliyenitajia. Msichana mmoja tu shule nzima, na ni mie. Fomu ya kujiunga ikaja nyumbani, shule ya bweni, mbali, mkoa ambao hakuna anayetujua. "Nilikuta imeshajazwa," akasema. "Picha yangu imebandikwa. Mama akaniambia kuanzia leo ukiitwa Wamekoma, itika. Wiki za kwanza nilikuwa nasahau kuitika, matroni akanichapa akidhani nina kiburi."

"Unataka nikupe pole?"

"Sitaki pole. Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Na mie nilikuwa na mingapi?"

Mtoto wangu akaanza kulia, nikampa ziwa nimesimama. Nikamwambia kwamba baba nimeshamwelewa, Mungu amrehemu na yaishe zake. Nikamwambia mama yake nitamfuata hukohuko Unguja alikohamia, nimuulize kama hilo nalo ni katika mafunzo ya mwali. "Na mama yangu," nikasema, "maskini ya Mungu, mmemdanganya miaka yote hii kama mlivyonidanganya mie. Akijua atakufa."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa.

"Sema."

"Kamuulize mkazamjomba mwenyewe."

"Nimuulize nini?"

"Yeye ndiye aliyenisindikiza stendi, dada. Sanduku langu alilibeba yeye kichwani. Alfajiri ile kulikuwa na kijibaridi, akavua khanga yake akanipa nijifunike njiani."

Nilimwita mwongo. Nilimwita na majina mengine ambayo karatasi haitayabeba. Akaningoja nimalize, akasema, "Ile ya maua ya kijani. Ninayo mpaka leo."

Ile khanga naijua. Mama alikuwa anaipenda kuliko zote, na nilipotolewa uali nikamwuliza iko wapi, maana nilitaka anifunge siku ya ngoma. Aliniambia imeibiwa kambani. Alimlaani mwizi mbele yangu, kwa kinywa chake.

Nilikwenda Mbagala moja kwa moja, mtoto mgongoni, hata kadi sikuichukua. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nyumba ni ileile, ukuta uleule, ila wameweka bati jipya upande wa uani. Nilisahau kumwamkia. Alinitazama akajua kuna neno, kwa sababu sijawahi kuingia kwa mama yangu bila shikamoo.

"Mama, ile khanga ya maua ya kijani iliibiwa lini?"

Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Kuku walikuwa wanamzunguka, hakuwafukuza.

"Umemwona," akasema.

Kwa hiyo hata kukana hakukana. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu akane. Ningemwamini, wallahi ningemwamini yeye, nikarudi nikampiga yule nesi mbele ya wagonjwa wake.

Akasogeza ungo pembeni. Akasema mwaka ule baba alikuwa kapunguzwa kazini, na wifi zake wakamleta mtu kuiona nyumba. Viwanja vilikuwa vimeanza kutafutwa, kila mwenye vijisenti anataka pa kuweka duka. Yule mtu alipima mpaka chumba chetu, anahesabu hatua, mama amelala na homa kitandani anamtazama. Dada wawili walishakubali kuuza. Shangazi mdogo ndiye aliyekuwa bado.

"Akaniita uani," mama akasema. "Akaniambia, wifi, mama yako alinitukana mbele ya watu, na lile tusi mmelilea miaka kumi na minne, kila siku mnaliita nasikia. Leo limepata bahati. Mpe mwanangu, na nyumba haitauzwa. Wenzangu nitawanyamazisha mwenyewe."

"Ukampa."

"Baba yako alikuwa keshakubali. Mie ningelala wapi? Na wewe ungelala wapi?"

"Mie ningelala bwenini, mama."

Alinitazama kana kwamba hilo ndiyo analisikia leo. Akaokota punje moja ya mchele sakafuni akaitia kwenye ungo.

"Nilijua wewe utaolewa tu," akasema. "Ulikuwa mzuri. Yule mwenzio nani angemchukua?"

"Nilikuwa na akili."

"Ulikuwa na akili," akakubali.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia methali hii tangu darasa la tatu, na nguo niliyoikagua ilikuwa ya shangazi, ya baba, ya binamu. Ya mama sikuigusa. Nani anaikagua nguo ya mama yake? Nikazishika hereni zile masikioni. Sijazivua tangu siku anivishe, nilijifungua watoto wawili nazo. Nilitaka kumtupia. Zilinishinda, mtoto kashika nywele zangu.

Mama hakuona. Alikuwa anatazama kule uani kupitia mlango uliokuwa wazi, kwenye kamba ya nguo, mahali walipokuwa wanakaa wifi zake kufua. Uso wake ukalegea, na nikaona kitu ambacho bora nisingekiona. Alikuwa na raha.

"Ila nikwambie kweli, mwanangu," akasema. "Tangu siku ile wifi zangu hawakunisema tena. Hata mara moja."

Nikasimama. Nikakaza khanga ya mtoto mgongoni, nikashuka ngazi za baraza, nikapita kisimani, nikapita genge la mpangaji wa zamani, baba yake Kontena. Jua lilikuwa kali na mchanga unaunguza. Nyuma yangu mama akaniita.

"Wamekoma!"

Miguu ilitaka kusimama yenyewe, imezoea. Nikaisukuma.

"Wamekoma! Mwanangu!"

Baba Kontena akainua macho kutoka kwenye nyanya zake, akanitazama, akamtazama mama, akangoja niitike. Nikapita.

Akaita mara ya tatu. Sauti ilikuwa ndogo zaidi, ya mtu asiyejua kama anayemwita yupo. Nilikuwa karibu kabisa, nilimsikia vizuri, na sikuitika.